Picha za Nyumbani Zisingoje Sherehe

Mama yangu alipofariki mwaka wa 2011, kamati ya mazishi ilinitaka picha yake moja tu, ya kutia katika tangazo la gazeti na katika karatasi za ibada. Jambo dogo, nikafikiri. Nikaipekua nyumba yote: sanduku la nguo, kabati la vyombo, bahasha za risiti za karo ambazo marehemu hakuwa mtu wa kuzitupa, mpaka chini ya godoro. Nilipata kadi za kliniki za sisi watoto wote sita. Nilipata picha za arusi za watu ambao hata siwajui. Yeye mwenyewe sikumwona popote ila katika kitambulisho chake, uso wa ukubwa wa kidole gumba.

Kijana mmoja mwenye duka la kompyuta aliikuza picha ile, akafuta alama za kitambulisho kadiri alivyoweza, akaizungushia maua. Tukamzika mama na uso huo. Shangazi yangu aliitazama karatasi ya ibada kwa muda mrefu, kisha akanirudishia. "Huyu," akasema, "ni mama yako anapoulizwa swali na karani."

Wala hakukosea. Mama niliyemjua mimi alikuwa akicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, kwa sababu ya jino lililotoka angali msichana. Alikuwa na namna yake ya kupepeta maharagwe, ungo juu, ungo chini, na kuku wamemzunguka wakijua fika kwamba kuna kitakachoanguka. Hayo yote niliyaona kila siku kwa miaka kumi na minane, na hakuna hata karatasi moja iliyoyaweka.

Ndugu msomaji, nimewasimulia wengi kisa hiki, na wengi wao wamenijibu kwa kisa kama hicho. Si ajabu. Katika nchi yetu wanawake walianza kuandikishwa kwa vitambulisho mwaka wa 1978, miaka kumi na mitano baada ya Uhuru. Kabla ya hapo kitambulisho kilikuwa mambo ya wanaume. Kwa hiyo mama wengi wa mashambani walipigwa picha yao ya kwanza na serikali, wamesimamishwa ukutani na kuambiwa wasicheke. Kwa wengine ikawa ndiyo ya kwanza na ya mwisho.

Msinielewe vibaya, sisemi kwamba wazee wetu hawakupenda picha. Walizipenda mno. Huko Mombasa marehemu N. V. Parekh aliwapiga picha watu wa kila namna katika studio yake: maharusi, marafiki wawili waliovaa suti za kufanana, vijana wenye miwani ya jua ndani ya nyumba. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, fundi aliyejifundisha mwenyewe, aliyekuwa akikata na kuunganisha picha mpaka mtu akaonekana ndani ya ua. Unguja, Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka wa 1930, na familia nyingi za Mji Mkongwe zilipita mbele ya kamera yake. Bara nako kila mji uliokuwa na soko ulikuwa na chumba chenye pazia lililochorwa milima au ndege inayoruka, na kiti kimoja, na simu ya mezani isiyokuwa na waya. Mtu aliazima saa, akaazima redio, akakaa wima. Alilipa nusu, akarudi baada ya majuma mawili, na mara nyingine akaambiwa filamu imeungua.

Siwacheki watu hao. Filamu ilikuwa ghali, na mtu mwenye nafasi moja kwa mwaka hawezi kuitumia kwa kupigwa picha akichambua mboga. Alitaka kuonekana kama alivyotamani kuwa, na hiyo ni haki yake. Ila matokeo yake sote twayajua. Wasomaji wa rika langu watakumbuka kwamba mgeni alipoingia nyumbani alipewa albamu kabla hata maji ya chai hayajachemka. Akafunua: ubatizo, kipaimara, arusi, mahafali, mazishi, tena arusi. Ungedhani watu wa nyumba ile hawakuwahi kula chakula isipokuwa chini ya hema.

Sasa hali imebadilika kabisa. Kila mtu anatembea na kamera mfukoni, ndani ya simu, wala hakuna filamu ya kununua. Hata hivyo tazama watu wanapiga picha gani. Ni keki, ni gauni jipya, ni gari la mtu mwingine. Tumebadilisha pazia la milima kwa ukuta wa hoteli, lakini bado tunakaa wima.

Mimi naishi Kitengela. Nilihamia hapa wakati ambapo kutoka dirishani ningeweza kuwaona nyumbu wakipita kwenda na kurudi kati ya mbuga ya Nairobi na nyanda za Kaputiei. Ardhi ya shamba la pamoja la Kitengela ilikuwa imeanza kugawanywa mwaka wa 1988, kila mwenyeji akapata sehemu yake, na sehemu zikauzwa, na zilizouzwa zikagawanywa tena kuwa viwanja vya futi hamsini kwa mia. Viwanda vya eneo huru la biashara vya Athi River vilileta wafanyakazi kwa maelfu, nao walihitaji vyumba. Sensa ya mwaka wa 2009 haikufikisha watu 60,000 katika mji huu. Ile ya 2019 ilipita 150,000. Nyumbu siku hizi siwaoni. Naona ukuta wa jirani, na juu yake vipande vya chupa.

Mji wetu ni mji wa watu wanaokwenda mahali pengine. Saa kumi na nusu alfajiri barabara ya Namanga imejaa taa za matatu, na mimi nilikuwa mmoja wao kwa miaka kumi na saba. Niliondoka watoto wamelala, nikarudi watoto wamelala. Jumamosi nilikuwa na mambo ya chama, na Jumapili baada ya kanisa nilikuwa na usingizi. Nilikuwa kama mpangaji anayelipa kodi vizuri.

Baada ya yale ya mama, nikanunua simu yenye kamera na nikajiapiza kwamba yaliyonipata hayatawapata wanangu. Mwanzo niliharibu kazi. Niliwapanga watoto mstari mmoja mbele ya ua la mchongoma, nikawaambia watabasamu, nao wakatabasamu kama watu wanaopimwa meno. Nikaona nimekuwa yule karani wa vitambulisho, tena asiyelipwa.

Aliyenifundisha ni mwanangu wa pili, akiwa na umri wa miaka minane. Aliichukua simu siku moja bila ruhusa. Nilipoifungua jioni nikakuta ameipiga picha nyumba nzima kutoka kimo chake: miguu ya meza, mgongo wa mamake akiosha sufuria, paka, kandambili tatu zisizolingana mlangoni. Na katikati ya hizo nilikuwamo mimi. Nimelala kwenye kochi, mdomo wazi, viatu miguuni, begi la kazi bado liko begani.

Hakukusudia kunidhihaki. Alipiga picha vitu vilivyo nyumbani, na hicho kilikuwa kimojawapo.

Niliitazama picha hiyo usiku ule, na usiku wa pili. Sitasema kwamba niliacha kazi. Karo haijui mambo ya picha. Lakini niliomba zamu ya kuchelewa siku mbili kwa juma, nikapata, na asubuhi hizo mbili nikaanza kuangalia. Neno ni hilo tu, kuangalia. Nikagundua kwamba kati ya saa moja kasorobo na saa moja jua la Kitengela hupita katika kidirisha cha jikoni na kuangukia mvuke wa chai, na kwamba bibi yangu husimama hapohapo kila siku akiwa na kikombe, dakika tatu, bila kusema na mtu, kabla ya kuanza kelele za sare na soksi. Nilikuwa nimekaa naye miaka kumi na minne na sikulijua hilo. Nilimpiga picha kutoka mlangoni. Akageuka, akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Na kweli hakuna kitu katika picha ile ila mwanamke na kikombe, na kama nyumba itashika moto, Mungu apishe mbali, hiyo ndiyo nitakayorudi kuichukua.

Tangu hapo nimepiga mambo mengi ya namna hiyo. Binti yangu akisukwa nywele mlangoni, amekunja uso kwa uchungu na huku anatafuna muwa. Mitungi ya maji imepangwa foleni, kwa maana sisi wa Kitengela maji huyanunua kwa lori na kwa punda. Mtoto aliyelala juu ya daftari la hesabu. Jirani na bibi yangu wakigawana kilo mbili za viazi kwa haki kubwa kuliko ya mahakama. Vumbi la Agosti. Matope ya Aprili mwaka wa 2024, mafuriko yalipotufikia, na kochi lilelile juu ya meza. Furaha niliyoipata ni ngumu kuieleza kwa mtu ambaye hajajaribu. Si furaha ya picha nzuri, kwa sababu nyingi si nzuri. Ni ile ya mtu aliyeambiwa akae mahali, na mara ya kwanza akakaa.

Hata hivyo yapo ya kujihadhari nayo, na ningekuwa mwongo nisipoyataja. Siku moja mdogo wetu alianguka na baiskeli, nami, badala ya kukimbia, mkono ulienda mfukoni. Bibi yangu alisema, "Baba, weka simu chini, shika mtoto." Sikumjibu, wala sikuwa na jibu. Pia sipendi desturi ya kurusha mitandaoni picha za watoto wakioga au wakilia. Tunayo Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka wa 2019, lakini hata bila sheria mtu angejiuliza: mtoto huyu akifika miaka ishirini, atanishukuru? Picha za nyumbani ni za nyumbani.

Lakini somo kubwa zaidi nililipata Kajiado.

Bibi yangu ni mzaliwa wa huko, ng'ambo ya mji, karibu na reli iendayo Magadi. Nyanya yake, ambaye watoto wetu humwita koko kama ilivyo desturi, yungali hai na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Mara ya kwanza nilipotoa simu mbele yake, mwaka wa 2013, alivuta shuka akajifunika uso. Nilidhani ni imani za zamani, nikaanza kueleza kwamba picha haidhuru. Bibi yangu akaniambia ninyamaze nimsikilize mzee.

Kisa chake ni hiki. Zamani, mama mkwe wangu akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, koko alikuwa akipita na maziwa kando ya barabara ya Namanga. Gari la watalii waliokuwa wakienda Amboseli likasimama. Mwanamke mmoja akashuka, akampiga picha, akamzunguka akampiga tena, akampa mtoto peremende, wakaenda zao. Baadaye ikawa ni kawaida, leo gari hili, kesho lile. "Walikwenda nami," koko alisema. "Miaka yote hii niko Ulaya, na sijui kule nakula nini."

Watu walicheka, naye akacheka, lakini shuka hakuishusha.

Niliporudi Kitengela nililiwaza neno hilo sana. Hapana shaka Wamaasai ni kati ya watu waliopigwa picha nyingi mno katika Afrika nzima. Mwaka wa 1901 palitolewa London kitabu cha Bwana na Bibi Hinde, chenye picha, na jina lake likasema kwamba hao ndio Wamaasai wa mwisho. Zaidi ya miaka mia moja na ishirini imepita, na hao wa mwisho bado wapo, mmoja wao ananidai. Kisha zikaja kadi za posta, vitabu vya mezani, kalenda, matangazo ya mahoteli. Katika hizo zote Mmaasai amesimama mguu mmoja akitazama mbali. Lakini ingia katika nyumba nyingi za Kajiado uulize picha ya baba wa nyumba akiwa kijana, utaambiwa haipo. Iko kwa wenyewe waliokuja na gari. Watu waliopigwa picha kuliko wengine ndio wasio na picha, na kwa maoni yangu hilo ni jambo la kuona aibu, si la kujivunia katika vitabu vya utalii.

Safari iliyofuata sikutoa simu. Nilipeleka karatasi. Katika simu nilikuwa na picha ya wajukuu wake tuliyoipiga huku kwetu, nikaipeleka dukani ikachapishwa kwa bei isiyofika ya mkate. Koko aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akaigeuza tena, akawataja mmoja mmoja. Kisha akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni yako. Akauliza mara ya pili. Akaiweka ndani ya bati lake la ugoro, ugoro akaumwaga katika karatasi.

Ndipo tukafanya mapatano, bibi yangu akiwa mkalimani. Naruhusiwa kupiga, lakini sipigi ya pili kabla ya kuleta ya kwanza kwa karatasi. Wala sikati mbuzi. Maana katika ya kwanza niliyoleta alilalamika kwamba mbuzi ameonekana nusu, na watu watafikiri amechinjwa. Tena akataka nyumba ionekane yote, kwa sababu aliijenga mwenyewe kwa mikono yake, kama wafanyavyo akina mama wa Kimaasai, na hajasikia mtalii hata mmoja aliyeuliza ni nani aliyeijenga.

Katika picha zote nilizopiga kwake, moja ndiyo kubwa. Tulikuwa tumefika wakati huo huo, mimi bado nashusha unga garini. Binti yangu alitangulia, akainamisha kichwa kama watoto wafanyavyo huko, na kiganja cha koko kikashuka juu ya nywele zake. Hakuna aliyetazama kamera. Sasa binti huyo ni mrefu kuliko mamake na inambidi apige magoti ili mkono umfikie.

Picha nyingine sikuijali nilipoipiga. Ilikuwa Desemba mwaka wa 2020, jioni, ng'ombe wa mjomba wake bibi yangu wanaingia bomani, vumbi jekundu, mvulana mmoja yuko nyuma na fimbo. Nilipiga kwa sababu ya lile jua. Kisha ukaja ukame, ule uliomaliza mifugo katika Kajiado yote hata barabara ikanuka mizoga. Mjomba alikuwa na ng'ombe arobaini na mmoja. Mwisho wa mwaka wa 2022 walibaki watano. Mtu huyo alikonda, akawa hazungumzi na watu. Watoto wake walimnunulia chakula akakiacha.

Mke wangu alikumbuka ile picha. Tukaichapisha kubwa, tukampelekea. Nilihofia tunatonesha kidonda. Mjomba aliipeleka nje penye mwanga, akakaa juu ya gogo, na baada ya muda tukasikia anaongea. Alikuwa akiwataja ng'ombe. Kila mmoja kwa rangi yake na pembe zake, na mamake ni yupi, na alitolewa na nani, na huyu ni wa mahari ya nani, na huyu wa nyuma aliyeonekana masikio tu ni yupi. Akamwita mwanawe mdogo aje asikie. Tulikaa pale mpaka giza likaingia na picha haionekani tena, naye bado anataja. Usiku ule alikula.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kupiga picha za mambo madogo ni upuuzi wa watu wasio na kazi, sibishani naye. Namwuliza tu ana picha ngapi za mama yake.

Ushauri wangu kwa wasomaji ni mfupi, na nimeulipia. Mwaka wa 2016 simu yangu iliibwa stendi, na picha za miaka mitatu zikaenda nayo. Mwizi hakuzitaka hata moja. Chapisheni. Si zote, ishirini kwa mwaka zatosha. Nyuma yake andikeni kwa kalamu ya risasi ni nani, wapi, na siku gani, kwa sababu leo kila mtu anamjua yule aliyesimama kushoto, na baada ya miaka arobaini hakuna atakayemjua. Mnunulieni mtoto albamu. Na mnapompiga picha mzee wa watu, mpelekeeni yake.

Jumapili ijayo tunatakiwa Kajiado. Koko ametuma salamu na malalamiko. Anasema ukutani kwake sasa wamo watu wote, na mbuzi wamo, na nyumba imo, isipokuwa mimi. Nimo mahali pamoja tu, katika ile ya jioni, nami pale ni kivuli kirefu kilicholala chini mbele ya ng'ombe. Anataka nimletee yangu, niwe na uso. Nimepekua simu nzima usiku huu, na katika picha elfu kadhaa ninayoonekana vizuri ni moja, ile ya kwenye kochi. Bibi yangu anasema nisithubutu. Nafikiri nitaipeleka.